Mama Anapotuma Sauti

Mama wa mji wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, akikutumia ujumbe wa sauti, usitegemee habari katika dakika ya kwanza. Dakika ya kwanza ni ya salamu, na salamu zina mpangilio wake. Huanza na wewe mwenyewe: umeamkaje, na ule mgongo unasemaje. Hufuata watoto wake, kwa majina, kuanzia kifungua mimba hadi anayenyonya, na yule anayesoma mbali hasahauliki. Kisha baba watoto. Kisha mama mkwe, na hapo sauti hushuka kidogo, kwa kuwa anayesikiliza anayajua yaliyowahi kutokea kati ya mama huyo na mkwe wake. Kisha shamba la mpunga, mvua na ndege waharibifu. Ndipo huvuta pumzi, humwita msikilizaji yaya, yaani dada, na kusema: "Sasa yaya, sikia."

Mwenye haraka zake atasema huko ni kuchoma megabaiti bure. Hajasikiliza vizuri. Katika salamu zile mama amekwisha kusema nusu ya yaliyo moyoni. Mtoto aliyetajwa kwa kusita ni mgonjwa. Mume aliyetajwa harakaharaka ameudhi. Mkwe asipotajwa kabisa, jua kuna neno zito linakuja. Msikilizaji aliyezoea huyapata yote hayo kabla ya kufika kwenye "sikia", na akija kujibu huanza na lile ambalo halikusemwa. Mimi nimezisikiliza sauti za namna hii kwa muda mrefu, nyingine si zangu bali nimesikilizishwa, na nimeridhika kwamba huu ni ufundi kamili. Una kanuni, una mabingwa wake na wanagenzi wake. Haujaandikwa popote kwa sababu wenye nao wana mchele wa kupepeta.

Ufundi huu umezaliwa na umbali. Kasongo iko karibu na mto Lualaba, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kusini mwa Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema. Kabambare iko mashariki yake, upande wa kuelekea Ziwa Tanganyika. Barabara ya kwenda Bukavu inaitwa barabara ya taifa, lakini mvua zikishika kasi lori laweza kulala kwenye tope siku kadhaa, na mizigo ikahamia kwenye pikipiki na baiskeli. Sasa chukua wasichana wanne waliokaa dawati moja. Mmoja ameolewa palepale Kasongo. Wa pili amemfuata mume Salamabila, wilaya ya Kabambare, kwenye dhahabu ya Namoya. Wa tatu anauza mafuta ya mawese Kindu. Wa nne vita vimemsukuma hadi Kalemie, kando ya ziwa, au vimemvusha ziwa kabisa hadi mkoa wa Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 imekwisha kulea kizazi kizima cha Wakongo. Urafiki wao zamani ungekufa kimyakimya. Si kwa ugomvi, ila kwa kukosa kuonana. Mama angebaki na jirani, wifi, mke mwenza na mama mkwe. Wote hao huenda ni watu wema, ila ni watu aliopewa na ndoa. Rafiki wa dawati alimchagua mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona utajiri wa jambo hili. Mwanamke akishajifungua, jina lake huwekwa kabatini. Anakuwa Mama Fulani kwa mume, kwa wifi, kwa muuza chumvi, hata kwa padri na shehe. Ni heshima, na wengi wanaipenda. Lakini yule wa Salamabila akifungua ujumbe humwita kwa jina la shuleni, pengine kwa lakabu ya utotoni ambayo watoto wake hawajawahi kuisikia, na mama wa watoto sita hucheka kicheko ambacho nyumba haikijui. Binti yake mkubwa, akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo, pembeni, huinua kichwa kumtazama mama yake kama mtu mgeni.

Wanawake wa huku walikuwa na mtandao wao kabla ya minara. Mwaka 1871 mmisionari na msafiri David Livingstone alikaa Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, akitazama soko. Waliojaa pale walikuwa wanawake, waliotembea mwendo mrefu na mizigo ya samaki, muhogo na vyungu, na alivutiwa na jinsi walivyofurahia kupatana bei na kuzungumza. Aliandika kwamba hata wanaume wa pande mbili wakiwa vitani, wanawake walipita kutoka soko moja hadi jingine bila kuguswa. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa misafara ya biashara walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Mamia walikufa, wengi wao kwa kuzama mtoni walipokimbilia mitumbwi. Kabla ya hapo Livingstone alikuwa amekaa miezi mingi Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, akiuguza vidonda vya miguu. Karatasi zilimwishia, akawa anaandika kwenye kurasa za magazeti ya zamani, juu ya maneno yaliyokwisha kuchapwa, kwa wino wa rangi ya mimea. Februari 1871 watu walimfikia kutoka pwani na barua moja, naye akalalamika kwamba nyingine arobaini zimepotea. Barua aliyomwandikia rafiki yake Horace Waller akiwa hapo Kabambare ilififia kiasi kwamba watafiti waliisoma vizuri mwaka 2010 tu, kwa kuipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Mtu aliyekuwa na wakubwa wa London nyuma yake alipata barua moja kati ya arobaini na moja. Mwanamke wa Nyangwe alipata habari zake kila siku ya soko, mpaka wenye bunduki walipofika.

Kasongo ilipokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilipita njia hiyohiyo: Kasongo, Kabambare, Mtowa, kuvuka ziwa hadi Ujiji, kisha Tabora na pwani. Zilikuwa barua za wanaume. Ziliongea juu ya pembe, baruti, madeni na watu waliouzwa. Wanawake wengi salamu zao zilisafiri kwa mdomo, zikimtegemea mchukuzi akumbuke. Ukitaka kujua Kiswahili cha Maniema kilipata wapi tabia yake ya kusalimu kwa ukamilifu, nadhani sehemu ya jibu iko hapo: salamu inayobebwa kichwani mwa mtu wa tatu lazima iwe na mpangilio, la sivyo nusu itadondoka njiani.

Kisha ikaja foni. Wasiokaa Kongo pengine hawaijui: ni redio ya mawimbi mafupi, yenye betri ya gari na waya mrefu juu ya paa, iliyokuwepo parokiani, kwa wafanyabiashara, kwenye mashirika. Kwa miaka mingi, na hasa wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kumpata mtu wa Kindu au Bukavu. Unaweka miadi, unafika, unasubiri zamu, unaongea, kisha unaachia kitufe ili mwenzako ajibu. Chumbani mmekaa watu kumi na masafa yanasikilizwa na yeyote mwenye chombo. Hapo akina mama walijifunza sanaa ya pili, ya kusema bila kusema. "Yule mgeni tuliyemtarajia amefika, anafanana na babu yake." Watu kumi wamesikia habari za mgeni, mmoja tu amejua ni mtoto gani kazaliwa na anafanana na nani. "Ile nguo uliyoniachia imechanika." Ndoa hiyo. Redio nyingine nazo zilikuwepo. Radio Okapi ilianza kurusha matangazo mwaka 2002, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake, ikawapa akina mama habari za nchi nzima. Lakini redio ile ilisema nao, wala haikuwasikiliza.

WhatsApp ilipoongeza ujumbe wa sauti, Agosti 2013, sidhani kama wahandisi wake walikuwa wakiwafikiria wauza mchele wa Maniema. Waliwahudumia hata hivyo. Kuandika kwa vidole kunadai shule, miwani na subira na herufi ndogo. Kuongea kunadai ulichonacho tayari. Mama aliyeacha shule darasa la nne ili alee wadogo zake alijikuta ghafla mbele ya chombo ambacho ubingwa wake ni wa mdomo, na mdomo alikuwa nao.

Mtazame akifanya kazi hiyo. Ni jioni, siku ya soko imekwisha. Simu imerudi kutoka kwenye kibanda cha kuchaji, chenye sola juu ya paa na simu zimepangwa mezani, kila moja na kikaratasi cha jina. Rezo, yaani mtandao, haishiki vizuri ndani ya nyumba, kwa hiyo anatoka hadi pale mahali pake, penye mwembe, ambapo vijana pia husimama na simu zao mkononi. Hasemi kwanza. Anausikiliza tena ujumbe wa shoga yake aliokwisha kuusikiliza asubuhi, maana asubuhi alisikia habari na sasa anasikia mtu. Anaondoka hatua kadhaa mbali na vijana. Anaweka simu mdomoni kwa upande, kama mtu anayenong'ona sikioni, si mbele ya uso. Anabonyeza. Anasema sentensi moja, anaiachia, anaifuta. Sauti ilitoka kavu. Anakohoa, anaanza upya.

Akishaanza hasimami. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba haikimbizi hadithi. Akifika pale ambapo msikilizaji angeitikia "ee" au "kumbe!", ananyamaza kidogo na kumwachia nafasi, ingawa yuko peke yake chini ya mwembe. Shoga yake Salamabila naye, akisikiliza, huitikia kweli, peke yake jikoni. Nimeshuhudia hilo: mwanamke anaijibu simu isiyomsikia, "Ee! Kumbe! Na yeye akasema nini?" na sentensi inayofuata ikawa ndiyo jibu. Wawili hawa wamepimana pumzi tangu utotoni. Mwanagenzi hawezi. Mwanagenzi huongea mfululizo kana kwamba anasoma tangazo la kifo, kisha anashangaa kwa nini hajibiwi.

Kelele za nyuma nazo ni sehemu ya kazi. Bingwa hazifukuzi. Kinu kinatwanga, mtoto analia, adhana ya magharibi inaingia, mvua inapiga mabati. Aliye mbali na nyumbani husikiliza hizo kuliko maneno. Aliyeko kambini Kigoma atauliza: "Huyo anayetwanga ni nani, mbona mkono mzito?" Na mama akitaka kumpa zawadi rafiki aliyeshikwa na upweke, hunyamaza kwa makusudi, akasogeza simu upande wa uani, akaacha nyumba yenyewe iongee kwa nusu dakika. Nusu dakika hiyo haina habari yoyote. Ndiyo inayorudiwa kusikilizwa.

Yako mambo ya faida ya wazi, na hayo naweza kuyapita upesi. Bei ya mchele Kindu hujulikana Kasongo kabla gunia halijapanda baiskeli. Likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ambayo zamani ilivunjika mmoja akihama, sasa inavuka wilaya: sauti inakumbusha zamu na pesa zinapita kwenye simu. Mtoto akiwa na homa usiku, mama hupata mtu wa kumwambia usingoje asubuhi, mpeleke kituo cha afya sasa hivi, wangu alianza hivyohivyo. Kwa watafiti, akina mama wa Kasongo si wageni. Mradi wa afya ulioanza hapo mwaka 1971 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp ulizaa utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981 na kujadiliwa duniani kote. Watoto wao walihesabiwa kwa uangalifu mkubwa. Kuulizwa "na wewe mwenyewe, umelala?" hakukuwa katika fomu.

Msiba ndipo ufundi hupimwa. Habari ya kifo haitumwi kwa sauti moja kwa moja kwa mwenye kufiwa. Kwanza anatafutwa mtu wa kukaa naye. Rafiki aliye Kindu humtumia jirani wa Kalemie: nenda kwake, peleka sukari, jifanye umepita tu, kisha nijulishe ukifika. Sauti ya pole hufuata baadaye, na huwa fupi kuliko zote. Haina salamu za watoto, haina shamba. Jina, "pole", na kilio cha kweli ikiwa kilio kipo. Nimesikia bingwa mmoja akimfundisha mdogo wake: usimwambie alie au asilie, usimwambie Mungu anajua, hilo ataambiwa na wengi, mwambie unalolikumbuka kuhusu marehemu, dogo tu, kisha nyamaza. Halafu utume nyingine siku ya arobaini, wengine watakapokuwa wamesahau.

Sisemi kila kitu ni sukari. Sauti huvuja. Inatosha mmoja kuisogeza kwenye kikundi na siri ya ndoa ya mtu inasikilizwa sokoni hadi Kabambare. Machafuko yalipoikumba Salamabila, sauti za hofu zilisambaa zisizojulikana zimetoka kwa nani, na watu wakafunga virago kwa ajili ya shambulio ambalo pengine halikuwepo, au wakabaki pale lililokuwepo kweli. Mabingwa walijitungia kinga: taja siku, taja uliko, sema umeona kwa macho au umesikia, na kama umesikia, kwa nani. Sauti isiyo na hayo hawaisogezi. Wako waume wanaosikiliza simu za wake zao, na hapo zile nguo zilizochanika na wageni wanaofanana na babu hurudi kazini, lugha ya foni haijapotea. Na wako wengi wasio na simu kabisa, wanaongojea kwa mwenye nayo. Mama mwenye simu huwa na wajibu wa kuwaita, kukaa kando wakati wanasikiliza, na kusahau alichosikia. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, na si kila mtu analiweza.

Jambo moja linanikera. Tangu 2021 WhatsApp inakuruhusu kuharakisha sauti, mara moja na nusu au mara mbili, na mabinti wa mjini wanawasikiliza mama zao hivyo. Mama aliyepima kila pumzi anatoka kama kasuku aliyeibiwa mahindi. Binti anasema amesikia yote. Amesikia habari, ndiyo. Lile "mama mkwe" lililoshuka kidogo limempita, na baada ya wiki mbili atauliza kwa nini hakuambiwa.

Kujibu nako kuna adabu yake. Sauti ndefu haijibiwi papo hapo. Kufanya hivyo ni kuonyesha hukuisikiliza, ulingoja tu zamu yako. Unatuma kwanza neno moja, "nimepata", ili mwenzako asikae na wasiwasi wa rezo. Unaenda nayo shambani. Unapalilia nayo, unabishana nayo kichwani, unacheka peke yako mpaka mtoto anauliza mama una nini. Siku ya pili au ya tatu, simu ikiwa na chaji na unite za maongezi zimenunuliwa, unatoka hadi mwembeni na kuanza: umeamkaje, na ule mgongo unasemaje, na yule mgonjwa uliyemtaja kwa kusita, usinifiche, ameanza kula?